Kilo zetu zisomeke katika kila telefoni



Kiisha mavuno ya mpunga tuliona jambo ambalo linatusumbua mpaka leo. Katika koperative moja, jina tunaliacha, sekretere aliandika kilo za mama mmoja: 1.250. Hapa kwetu tunafuata namna ya Kifaransa, kila mtu anajua hiyo ni elfu moja mia mbili na makumi tano. Fishi ikatumwa kwa ofisi ambako ordinatere imepangwa kwa Kiingereza. Kule nukta inatenga kilo na vipande vyake. Basi mama akahesabiwa kilo moja na robo! Siku ya malipo alirudi nyumbani mikono mitupu, na hakuna aliyemwibia.

Si nukta peke yake. Ukiandika 62,5 na faili inatenga nguzo zake kwa koma, ile 5 inahamia nguzo ya jirani, pengine ile ya bei. 03/04 kwetu ni tarehe 3 ya mwezi wa nne, kwa Mmarekani ni tarehe 4 ya mwezi wa tatu. Jina Thérèse likifunguliwa kwa utaratibu mwingine wa herufi linatoka ThÃ©rÃ¨se, na ordinatere inahesabu watu wawili pahali pa mmoja.

Kosa ni la nani? Tuseme ukweli: sisi wa mashirika ndio wa kwanza. Kila mradi unakuja na programu yake na tableti zake. Mradi ukiisha, koperative inabaki na faili ambayo haifunguki. Kama ingekuwa mizani, kila mnunuzi na kilo yake, mngetufukuza siku ileile.

Nyangwe inajua shida ya maandishi yasiyosomeka. Mwaka 1871 Livingstone alikuwa hapa, karatasi na wino vikamwishia, akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Humo aliandika mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai. Wino ukafifia, na paka mwaka 2011 ndipo wataalamu, kwa picha za mianga mbalimbali, walitoa yale maneno yasomeke. Miaka 140! Malipo ya mpunga hayangojei hivyo.

Sisi tunaona hivi. Kilo ziandikwe nzima, bila nukta wala koma: 1250. Tarehe ianze na mwaka, 2024-04-03, vile kanuni ya kimataifa ISO 8601 inavyotaka. Kila memba awe na namba yake, maana majina yanafanana na yanaharibika. Faili iwe ya maandishi matupu, CSV, nguzo zitengwe kwa nukta-mkato, herufi za UTF-8. Hiyo inafunguka karibu kila pahali na hailipishwi. Si nzuri kwa macho, tunakubali.

Tena msiogope kutuuliza. Rejista ya memba ni ya koperative, na sheria ya OHADA ya mwaka 2010 inataka ikae kwenye makao yake. Mbele ya kusaini na mradi wowote, hata wetu, mwambieni yule mjumbe atoe orodha nzima na aifungue katika telefoni ya sekretere, pale pale, memba wakiangalia. Ikishindikana, msisaini kwanza.

Na daftari la karatasi lisitupwe. Lile ndilo lililomrudishia yule mama falanga zake.