Usinunue jalada, nunua hadithi

Ukimsikia shabiki wa Marvel akilalamika ati vibonzo vya siku hizi havina ladha, usimbishie. Lakini mkumbushe kwamba kampuni hii imewahi kuoza ikiwa kileleni.

Mwaka wa 1991, toleo la kwanza la jarida jipya la X-Men liliuza zaidi ya nakala milioni 8. Kazi safi? Ngoja kwanza. Lilikuwa na majalada matano tofauti, na watu walinunua yote wakayafungia kabatini wakingoja bei ipande. Sasa nani atakununulia kitu ambacho kila mtu anacho? Mwaka uliofuata Jim Lee, Todd McFarlane na wachoraji wengine mahiri waligura, wakaanzisha Image. Spider-Man naye akaingizwa kwenye hadithi ya pacha wa maabara, ikaburutwa miaka miwili hadi wasomaji wakachoka. Desemba 1996, Marvel ikakimbilia mahakama ya kufilisika.

Mwaka wa 2000, Brian Michael Bendis na Mark Bagley walimsimulia Peter Parker upya katika Ultimate Spider-Man. Kijana wa shule tu, polepole, bila kukudai ujue historia ya miaka 40. Msomaji mgeni akapata pa kuingilia.

Halafu 2007 wakavuruga tena. Ndoa ya Peter na Mary Jane ikafutwa kwa mkataba na shetani, ati kumwokoa Shangazi May! Mwandishi mwenyewe, J. Michael Straczynski, alisema hadharani hakuupenda mwisho huo. Aliyeutaka ni mhariri mkuu, Joe Quesada. Hapo ndipo uelekeze lawama zako, si kwa mwandishi.