Metali Rahisi, Umeme wa Bei Gani?

Mkoa wa Morogoro una miwa Kilombero, Mtibwa na Mbigiri, na penye kiwanda cha sukari hapakosi molasesi ya kuchachushwa na kukenekwa iwe ethanoli. Katika mkoa huohuo, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinafundisha sayansi Mazimbu, kwenye majengo ambayo ANC ya Afrika Kusini iliikabidhi Tanzania mwaka 1992. Je, fedha za umma zitumike kutafuta chembe za metali za bei nafuu zitakazogeuza ethanoli hiyo kuwa umeme?

Seli ya fueli haichomi ethanoli. Huipokonya elektroni juu ya kichocheo, elektroni hizo zikapita kwenye waya. Kichocheo kinachosifika ni platinamu, lakini ni ghali, na kaboni monoksidi inayozaliwa humo huing'ang'ania hadi ikalemaa. Ndiyo maana wanakemia wanatumia chembe nano. Nazi iliyokunwa hutoa tui jingi kuliko ya vipande. Metali nayo ikiundwa kwa chembe za nanomita 3, karibu theluthi ya atomu zake hukaa juu, tayari kwa kazi. Wengine wanaiacha platinamu kabisa na kugeukia nikeli, madini tuliyonayo Kabanga, wilayani Ngara.

Wenye mashaka wana hoja nzito. Katika alkali, nikeli peke yake huanza kuoksidisha ethanoli kwenye takriban volti 1.35, ilhali oksijeni ya upande wa pili haivuki volti 1.23. Seli ya namna hiyo haitoi umeme. Tena, molekuli ya ethanoli ingeweza kutoa elektroni 12, lakini kwa kawaida mmenyuko huishia kwenye asetati, kwa elektroni 4 tu. Na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Lita ya ethanoli inayochukua nafasi ya mkaa leo inaipunguzia mzigo misitu yetu, ya Uluguru ikiwemo.

Nakubali kwamba jiko litangulie. Hata hivyo, utafiti huu unastahili fedha, kwa sababu nikeli ikichanganywa na paladiamu kidogo huipunguza gharama bila kuua volteji. Vilevile, kuoksidisha ethanoli badala ya maji hupunguza umeme unaohitajika kuzalisha hidrojeni, na hapo hata nikeli tupu ina kazi.

Masharti yawe matatu. Kichocheo kijaribiwe kwa ethanoli ya viwanda vyetu pamoja na uchafu wake, siyo ile safi ya chupa ya maabara pekee. Kifanyishwe kazi kwa maelfu ya saa. Na gharama ihesabiwe kwa kila wati inayotoka, kwa kuwa gramu ya nikeli isiyotoa umeme ni hasara hata ikiuzwa kwa bei ya kutupwa. Majaribio hayo yanahitaji vifaa na mishahara ya miaka kadhaa. Bajeti ya utafiti ipangwe hivyo.