Maksai Ndiye Anayelima

Siku ya mnada, kigari chenye spika mbili juu ya paa hupita mbele ya shule yetu, nje kidogo ya mji wa Tarime, kikipiga kelele. Mwanamume, unachoka mapema? Mkeo anakununia? Nguvu za kiume zimekwisha? Njoo, mura, njoo! Wanafunzi wa kidato cha tatu huinamia madaftari yao wakicheka. Mimi huwa nimesimama ubaoni, chaki mkononi, nafundisha mfumo wa homoni. Nilifundisha mada hiyo miaka saba bila kujua kwamba nachora ubaoni ugonjwa wangu mwenyewe.

Mwili wangu hautengenezi testosteroni ya kutosha. Nina miaka 36, ndevu zangu unaweza kuzihesabu, na kila baada ya wiki tatu nachomwa sindano ya mafuta kwenye tako. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani nazunguka. Sikuja hapa kulalamikia ugonjwa. Nimekuja kugombana na lile neno la kwenye spika: nguvu za kiume.

Neno hilo ni gunia. Tumetupa ndani yake vitu vinne visivyofanana, tukalifunga mdomo, tukalibeba. Kuna hamu. Kuna uume kusimama. Kuna mbegu. Kuna homoni. Mwanamume anaweza kuwa na homoni tele na uume usisimame, kwa sababu kisukari au presha imeharibu mishipa yake ya damu. Mwingine kila kitu kinafanya kazi na hamu anayo, ila kwenye manii yake hakuna mbegu hata moja. Mwingine homoni yake iko chini na bado akampa mkewe mimba. Sasa aje mtu na chupa moja ya dawa ya kahawia kwa wote hao. Ni kama fundi wa pikipiki anayekuuzia plagi kila unapomwambia haiwaki, hata siku ambayo tenki ni tupu.

Mimi tenki langu lilitobolewa mwaka 2006, nikiwa bwenini, kidato cha tatu. Matubwitubwi yalipita bweni zima. Wenzangu walivimba mashavu wiki moja, tukawacheka, wakapona. Mimi siku ya sita nilivimba kwingine. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimetahiriwa miaka miwili kabla, Desemba, nikapita barabarani na kundi langu nikiimbiwa, na sifa yangu nyumbani ilikuwa kwamba sikupepesa jicho. Utamwambia nani kwamba korodani zinauma? Nililala kifudifudi siku nne, nikameza panado, nikanyamaza. Wengi wanaovimba hivyo hupona bila kasoro. Mimi nilikuwa katika wale wachache ambao pande zote mbili husinyaa.

Na hapa nitoke kidogo nje ya habari yangu. Tangu 2014 watoto wa Tanzania wanachanjwa surua na rubela kwa sindano moja. Nchi nyingine nyingi hutumia chanjo ya aina hiyohiyo yenye kitu cha tatu ndani yake, matubwitubwi. Yetu haina hicho cha tatu. Najua bajeti ni bajeti, na surua inaua kuliko matubwitubwi. Lakini tukishakubali kwamba ugonjwa huu ni wa kuchekesha, hakuna atakayedai.

Uanaume wangu haukuondoka siku moja. Ulipungua kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Nilichoka nikiwa nimelala saa tisa. Nilipata joto la ghafla usiku, jasho tele, kama mama zetu wanapokoma hedhi. Nilikuwa mtu wa kunung'unika, halafu mtu wa kutojali. Mzazi mmoja aliingia ofisini, akanitazama, akasema, "Kijana, niitie mwalimu." Nikatoka nje, nikazunguka jengo, nikarudi. Sikujua la kufanya zaidi ya hilo.

Lakini aliyelipa hasa ni mke wangu. Tulioana 2018, ng'ombe wakahesabiwa, na mwaka wa pili ukapita bila mimba. Kuanzia hapo mwili wake ukawa mali ya ukoo. Akapigwa ultrasaundi. Akasafishwa kizazi, mara mbili. Akapigwa picha ya mirija. Shangazi zangu wakampeleka kwa bibi mmoja upande wa Serengeti, huko mbele ya Mugumu, akarudi na mizizi ya kuchemsha iliyomharisha wiki nzima. Kwenye kituo kimoja cha afya alithubutu kuuliza kama na mimi ningepimwa. Muuguzi alinitazama nilivyo mrefu, akacheka: "Huyu mbona dume zima, dada?" Nami nilicheka. Naandika hili kwa aibu kuliko yote mengine. Nilikuwa mwalimu wa baiolojia, nikijua vizuri kabisa kwamba karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, upande wa mume una mkono wake, na nilicheka.

Hata lugha ilinisaidia kujificha. Neno "tasa" nimelisikia maisha yangu yote na sijawahi kulisikia likimwita mwanamume. Kwetu neno hilo limevaa kanga.

Aliyenipeleka ni yeye. Mwaka 2022 aliniambia kwa utaratibu, akipepeta mchele, kwamba ataondoka, ila kabla ya kuondoka angependa kujua. Tukapanda basi la alfajiri, tukavuka daraja la Kirumi, Bunda, Lamadi, Magu, mpaka Mwanza, karibu kilomita 300. Manii: hakuna mbegu. Damu wanayotaka ni ya asubuhi, kabla hujala, maana homoni hii hupanda alfajiri na kushuka mchana, na wanaipima siku mbili tofauti kwa kuwa kipimo kimoja hudanganya. Mara ya kwanza nanomoli 4.6 kwa lita, mara ya pili 4.1. Chini ya 8, kwa mtu mwenye dalili, madaktari kwa kawaida hawabishani tena. Ile homoni ya ubongoni inayoziamrisha korodani zifanye kazi ilikuwa juu sana. Yaani bosi anapiga kelele na kiwandani hakuna mtu.

Nikikumbuka vizuri, kitu cha kwanza nilichosikia mwilini kilikuwa nafuu. Mke wangu alilia. Alikuwa ameinywa mizizi ile bure.

Tuliporudi, kikao cha ukoo kilikuwa kimeshaitwa. Baba mdogo alitaka ng'ombe warudi. Shangazi alitaka niongeze mke wa pili. Niliisoma karatasi mbele yao. Baba mdogo akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kuelewa: "Kwa hiyo, mura, wewe ni maksai?"

Kwetu hakuna asiyejua maana yake. Mfugaji wa Mara hahitaji kitabu kumweleza kazi ya korodani. Wazungu wanamtaja Arnold Berthold wa Göttingen, aliyehasi majogoo mwaka 1849 akaona upanga wao unasinyaa na kuwika kunakwisha, na akimrudishia mmoja korodani tumboni anawika tena. Babu zetu walilijua somo hilo kwa ng'ombe: hasi dume, atatulia, atanenepa, hatapigana, utamfunga nira.

"Samahani, baba," nikamwambia. "Shamba lako la bondeni linalimwa na nani?"

Hakujibu. Analima kwa maksai wanne. Wote pale wanalima kwa maksai. Fahali hafungwi jembe, atakuua. Aliondoka bila kula.

Sikulisema lile kuwa mjanja. Ndiyo hoja yangu yote. Wakurya hao hao wanaonidai ushahidi wa damu wameishi vizazi na vizazi wakijua kwamba baba si mbegu. Mwenye ng'ombe ndiye mwenye mtoto. Tuna nyumba ntobhu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume anatoa mahari, anaoa binti, na watoto wa binti huyo wanaitwa wa kwake. Sipambi desturi hiyo. Nimeona mabinti wadogo wakioleshwa humo bila kuulizwa, na hilo ni dhuluma. Nasema tu kwamba jamii iliyoweza kumfanya mwanamke kuwa mume kisheria ya mila haina haki ya kuniambia haijawahi kufikiria kwamba uanaume unaweza kuwa kitu kingine zaidi ya kilichomo suruali.

Sasa sindano. Mafuta mazito, yanauma siku mbili. Wiki ya kwanza naamka kabla ya jogoo, nasahihisha madaftari ya madarasa mawili kwa mkupuo, nafoka bila sababu. Wiki ya pili ni mtu wa kawaida. Wiki ya tatu nashuka, na mke wangu anajua tarehe kabla yangu. Napimwa damu mara kwa mara, maana dawa hii huifanya nzito. Chembe nyekundu zikizidi asilimia 54 ya damu, sindano inasimamishwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2023, wa wanaume zaidi ya 5,200 wenye homoni ndogo na moyo ulio hatarini, uliona kwamba dawa haikuongeza mishtuko ya moyo wala kiharusi, lakini mapigo yasiyo na mpangilio na damu kuganda mapafuni vilikuwa vingi kidogo. Nimeyapima hayo, nikachagua. Mifupa yangu ilikuwa inaelekea kuwa ya mzee. Dawa yenyewe imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tarime sijawahi kuipata dukani. Huja na basi kutoka Mwanza, na nauli na vipimo vinakula mshahara. Vumbi la Kongo, kwa upande mwingine, halijawahi kuadimika.

Usidhani ulaghai huu ni ushamba wa kwetu. Mwaka 1889 profesa mashuhuri, Brown-Séquard, mzaliwa wa Mauritius, akiwa na miaka 72, alisimama mbele ya wanasayansi Paris akatangaza kwamba amejidunga maji ya korodani za mbwa na simbilisi na nguvu zimemrudia. Maji yale hayakuweza kuwa na homoni ya maana ndani yake. Ilichukua mpaka 1935 kuipata testosteroni yenyewe. Profesa angalau alijidanganya kwanza. Wa kigari anajua.

Na madhara yake si pesa tu. Baba mdogo alinisubiri njiani miezi mingi baada ya kikao kile, jioni, akatazama pembeni. Alikuwa ananunua chupa za kigari mwaka wa pili sasa. Nikamuuliza kama anaamka kukojoa usiku. Mara nne, tano. Kama ana kiu. Sana. Nilimpeleka mwenyewe. Kisukari, cha muda mrefu. Uume kugoma ulikuwa mbiu ya kwanza, imepigwa mapema kabisa, na alikuwa anaizima kwa dawa ya kahawia. Amekatwa vidole viwili vya mguu. Siku hizi ananiita mwalimu.

Hayo ya mtoto mimi na mke wangu tumekubaliana. Ni ya kwetu.

Anayenitia wasiwasi ni mdogo wangu, ana miaka 24, yuko Mwanza, ananyanyua vyuma. Juzi ameniandikia: "Kaka, mwalimu wetu wa gym anasema ile dawa yako ndiyo yenyewe. Nibakishie hata tatu." Nilimpigia. Nikamweleza kwamba mwili ukipewa homoni kutoka nje, ubongo unaacha kuziamrisha korodani, nazo zinalala, mbegu zinakwisha. Kwamba Shirika la Afya Duniani liliwahi kuwapa wanaume wazima miligramu 200 kila wiki kama dawa ya uzazi wa mpango, matokeo yakachapishwa 1990, na wengi wao mbegu ziliisha kabisa. Walipoacha zilirudi, lakini wale walisimamiwa na madaktari. Yeye atasimamiwa na mtu wa gym. Kwamba anataka kununua kwa pesa kile matubwitubwi yalinifanyia bure.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sawa kaka, nimekuelewa. Basi mbili."

Anakuja likizo ya Desemba. Nimelitoa boksi kabatini. Lilipo sasa anajua mke wangu, na hata mimi hajaniambia.