Kurunzi ya Mpiga Mbizi: Tazama Upana wa Mwale, Si Ukali Wake

Sisi watu wa mwambao tumezoea kujisifu kwamba mambo ya maji ni yetu, na kwamba mtu wa bara akitaka kuyajua sharti ateremke Mombasa, Lamu au Vanga aje kusomeshwa. Majisifu hayo yana ukweli wake, lakini yana mpaka. Tarehe 21 Oktoba 2017 helikopta yenye watu watano iliruka asubuhi kutoka Nakuru ikaanguka ndani ya Ziwa Nakuru. Miongoni mwa walioitwa kuitafuta walikuwa wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji, ambao kambi yao iko huku kwetu Mtongwe. Msako ule haukuwa wa siku mbili. Ulichukua majuma, tena katika ziwa ambalo kina chake ni mita chache tu.

Msomaji atauliza: majuma kwa mita chache? Hapo ndipo penye hoja yangu ya leo, na hoja yenyewe inahusu kitu kidogo cha kushikwa mkononi, nacho ni kurunzi.

Ziwa Nakuru si Kisite wala si Watamu. Ni maji ya magadi, ya kijani, yaliyojaa vijimea vidogo ambavyo jicho haliwezi kukiona kimoja kimoja, vile vile ambavyo heroe huvifuata kwa maelfu na kuvila. Chini yake ni tope laini, na mguu ukiligusa huinuka kama moshi wa ubani na kukaa juu kwa muda mrefu. Aliyepita chuoni anaujua mfano wa giza la bahari uliomo katika Surat An-Nur. Akizama ziwa lile, hata kama ni adhuhuri na jua linawaka, atauelewa upya.

Tena maziwa ya Bonde la Ufa hayakai mahali pamoja. Tangu mwaka 2010 hivi yamekuwa yakipanda. Lango kuu la zamani la Hifadhi ya Ziwa Nakuru lilimezwa na maji, na mwaka 2020 watu wa mtaa wa Kihoto, Naivasha, walihama majumba yao kwa kuwa ziwa limeingia uani. Maji yaliyopanda juu ya miti, nyua na majengo huficha waya, nguzo na mashina. Anayeingia humo kumtafuta mwenziwe anaingia mahali pa mitego.

Kwetu Waislamu jambo hili halina wepesi. Maiti ana haki ya kuoshwa, kukafiniwa, kusaliwa na kuzikwa, na haki hizo ni fardhi ya kifaya. Ziko jamaa nyingi za Kiislamu Nakuru mjini, pale Bondeni, na ziko Naivasha na Gilgil, na wengi wao wana ndugu huku pwani. Mtu wao akizama, wanaokaa ukingoni wakingoja ni wetu. Wa Likoni nao hawajasahau mwaka 2019, gari lilipotumbukia kutoka katika feri MV Harambee tarehe 29 Septemba likiwa na mama na mwanawe, na halikutolewa mpaka tarehe 11 Oktoba. Lilikuwa limelala kiasi cha mita 58 chini. Siku zote hizo watu walisimama kivukoni wakitazama maji.

Basi turudi kwenye kurunzi. Mnunuzi wa kawaida hutazama nambari kubwa iliyopigwa chapa kwenye boksi: lumeni 1,000, lumeni 3,000, lumeni 5,000. Huamini kwamba penye nambari kubwa ndipo penye kuona. Lakini lumeni ni hesabu ya mwanga wote unaotoka, na hesabu hiyo haisemi mwanga unakwenda wapi. Ndoo moja ya maji waweza kuimwaga uani ikalowesha kila pembe, na waweza kuipitisha katika mdomo wa birika ikafika pale pale unapopataka. Upana wa mwale ndio mdomo wa birika.

Dereva wa lori la Mombasa anayepanda Limuru usiku, au anayepita Kinungi kuelekea Naivasha ukungu umetanda, analijua jambo hili bila ya kufundishwa. Akiwasha taa kubwa anajijengea ukuta mweupe mbele ya macho yake. Ukungu unamrudishia mwanga wote usoni, na barabara inapotea. Akizishusha taa, anaona. Maji yenye tope na vijimea ni ukungu vile vile, ila ni ukungu mzito zaidi. Mpiga mbizi akiingia Ziwa Nakuru na mwale mpana wa lumeni 5,000 ataona chembe elfu kumi zinazong'aa, na nyuma ya chembe hizo hataona kitu. Akiukaza mwale ukawa mwembamba, akapunguza ukali, na akaishika kurunzi mbali na uso wake, upande wa kiuno au juu ya bega, chembe zinazomulikwa mbele ya macho huwa chache, na kile kilichoko umbali wa mkono huanza kuwa na umbo.

Huku kwetu mambo ni kinyume. Maji ya Kisite katika kaskazi tulivu ni safi, na adui wa mpiga mbizi si tope bali ni maji yenyewe, yanayokula rangi. Nyekundu ndiyo hutangulia kupotea. Ukifika mita 10 hivi, chewa mwekundu huwa wa kijivu, na tumbawe lote huwa buluu. Hapo mwale mpana ndio mfalme. Huufunika mwamba mzima kwa mwanga laini na kuzirudisha rangi mahali pake. Anayezama kwa starehe, au kwa kupiga picha, haki yake ni mwale mpana, wala simlaumu.

Ndiyo maana nasema, na atakayenipinga na anipinge, kwamba mpiga mbizi wa kazi, anayeweza kuitwa leo Kilindini na kesho Naivasha, asinunuliwe kurunzi ya mwale mmoja. Anunuliwe ile ambayo mwale wake hukazwa na kulegezwa. Wako wasemao kwamba ni afadhali achukue kurunzi mbili, moja ya mwembamba na moja ya mpana. Hao wamesahau mikono. Katika maji ya giza mkono mmoja haubanduki kwenye kamba, kwani kamba ndiyo njia ya kurudi na ndiyo lugha ya kuzungumza na aliye juu mashuani. Unabaki mkono mmoja, nao ndio wa kupapasa, kumulika na kufanya kila kazi nyingine.

Kurunzi ya pili ni lazima awe nayo, lakini ni ya akiba, imefungwa kifuani, ikingoja ya kwanza ifariki.

Sasa, kurunzi hizi za kurekebisha mwale si za aina moja, na hapa ndipo wauzaji wanapowapumbaza watu. Aina ya kwanza ina lenzi inayosogezwa mbele na nyuma kwa kuvuta au kuzungusha kichwa. Uzuri wake ni kwamba waweza kusimama po pote katikati, na mwale wake mwembamba ni safi, hauna duara za pembeni. Ubaya wake ni kwamba kichwa kikitembea juu ya ringi ya mpira inayozuia maji, kila msogeo ni mlango unaobishwa hodi. Ziko zilizoundwa vizuri, ambazo lenzi inakwenda ndani ya kioo kilichofungwa na inavutwa kwa sumaku iliyoko katika pete ya nje, bila ya tundu lo lote. Hizo ni nzuri, na bei yake inasema hivyo. Aina ya pili haina kinachotembea. Ndani yake mna balbu za LED za makundi mawili, moja la mwale mpana na jingine la mwembamba, na swichi hubadilisha kundi. Hiyo inakupa njia mbili tu, wala hakuna katikati, lakini haina pa kupenyeza maji. Kwa ziwa la tope na magadi mimi ningechagua hii ya pili kuliko ile ya kuvuta kichwa, na kama fedha ipo, ningechagua ile ya sumaku kuliko zote.

Liko jambo jingine ambalo duka haliwezi kukuonyesha. Mwanga ukitoka katika kioo bapa na kuingia majini, mwale hujikunja na kuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa hewani. Mwale wa digrii 40 ukutani mwa duka hubaki kama digrii 30 ukiwa chini ya maji. Kwa hiyo anayeujaribu juu ya meza anajaribu kurunzi nyingine. Na ajaze maji katika pipa au karai kubwa, atie tone la maziwa au konzi ya tope, kisha aizamishe na kuitazama kutoka kando. Kama hata ikikazwa kabisa inatoa wingu la mwanga badala ya fimbo, na airudishe kwa mwenyewe. Kurunzi ya kazi yapasa ifike digrii 10 au chini yake ikikazwa, na 60 au zaidi ikilegezwa.

Tena na ajaribu swichi akiwa amevaa glovu, kwa mkono mmoja, macho yamefungwa. Ikiwa hawezi kujua kwa kidole kama mwale umekazwa au umelegezwa, kurunzi hiyo haimfai.

Mwale mwembamba una faida nyingine ambayo huku pwani hutumika kila usiku na wenye kuzama: ndio sauti ya asiye na sauti. Duara linalochorwa kwa mwanga maana yake ni kwamba niko salama. Mwanga unaokwenda upande huu na huu kwa haraka maana yake njoo, nina taabu. Mwale mpana hauchori kitu, hubaki kama mbalamwezi.

Sisemi kwamba kurunzi hushinda kila tope. Iko siku maji hayaonyeshi hata kiganja kilichobandikwa kwenye kioo cha uso, na siku hiyo kazi hufanywa kwa kamba na vidole. Hata hivyo mtu huyo anahitaji kusoma geji yake ajue amebakiwa na hewa kiasi gani, na hilo hufanywa kwa mwale uliolegezwa na kupunguzwa, geji ikiwa imegusishwa karibu na uso. Vile vile asichukue majedwali ya kuzamia ya Mombasa akayatumia Naivasha, maana ziwa lile liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hesabu ya kupanda ni nyingine. Hilo lina walimu wake.

Kutoka Mtongwe hadi Nakuru ni zaidi ya kilomita 600. Kaunti yo yote yenye ziwa yapasa iwe na watu wake waliofunzwa, na kila mmoja awe na kurunzi mbili, kamba yake na glovu zake, kabla ya ajali wala si baada yake. Wavuvi wa Naivasha wanalijua ziwa lao, wanajua viboko wanapanda wapi na saa ngapi. Kijana wa kwetu akifika huko na awasikilize, wala asijidai kwamba amezaliwa baharini.

Na atakayeingia Ziwa Nakuru na kurunzi yake asiiwashe mashuani akaiacha ikiwaka, kwa maana hizi zenye nguvu hupozwa na maji, na hewani hujichoma zenyewe. Akishatoka, aioshe kwa maji baridi kabla haijakauka. Chumvi ya bahari tunaijua. Magadi nayo yakikauka hufanya chembe nyeupe kali, hukaa kwenye ringi ya mpira, na chembe moja inatosha kuipisha maji safari ya pili, wakati mwenyewe yuko chini na mkono mmoja umeshika kamba.