Kipimo cha mabaki ya dawa kifike sokoni

KATIKA mkoa wa Kigoma, kuanzia vilima vya Manyovu na Kasulu hadi bonde la mto Luiche karibu na Ujiji, jembe la mkono limepata mwenzake shambani, nalo ni bomba la mgongoni lenye dawa ya kuua magugu. Hatuoni sababu ya kulibeza jambo hilo. Palizi ni kazi nzito, na aghalabu mzigo wake huwaangukia akina mama, pamoja na watoto ambao wangepaswa kuwa darasani. Lakini dawa iliyokusudiwa kuua magugu haiishii kwenye magugu daima. Sehemu yake yaweza kubaki katika punje ya mahindi, katika haragwe au katika jani la mboga, ikafika mezani. Je, ni nani anayeipima, na kwa kipimo gani?

Yafaa kwanza ieleweke maana ya kiwango cha juu cha mabaki. Tume ya Codex Alimentarius, iliyoundwa mwaka 1963 na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya, huweka viwango hivyo kwa ajili ya biashara kati ya mataifa. Wataalamu hutazama mabaki yanayopatikana pale dawa inapotumiwa sawasawa na maelekezo yake, kisha hukadiria kama mlaji atavuka kiasi ambacho mwili waweza kukipokea kila siku bila kudhurika. Kwa hiyo kiwango hicho si mstari unaotenganisha uzima na kifo. Ni shahidi wa mambo yaliyotendeka shambani.

Wapo wanaouliza kama glaifoseti, dawa ya magugu itumikayo mno duniani, husababisha saratani. Mwaka 2015 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa saratani iliiweka miongoni mwa vitu ambavyo yumkini huwadhuru wanadamu kwa njia hiyo. Mwaka 2016 jopo la pamoja la FAO na WHO likasema haielekei kuleta saratani kupitia chakula. Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya uliiruhusu kwa miaka 10 zaidi. Taasisi ya kwanza ilitazama uwezo wa kitu kudhuru, na jopo lilitazama kiasi kinacholiwa. Basi ubishi wote hurejea kwenye kiasi, na kiasi hakijulikani kwa kubishana. Hujulikana kwa kupima.

Wala haifai kunakili kipimo cha wengine bila kukichunguza. Codex huruhusu miligramu 5 za glaifoseti katika kilo moja ya mahindi, hali Umoja wa Ulaya huruhusu 1. Tofauti kama hizo hutokana na namna ya kilimo na uamuzi wa kila upande. Huko Marekani na Kanada wapo wakulima wanaonyunyiza glaifoseti juu ya maharage yaliyokwisha komaa, muda mfupi kabla ya kuvuna, ili shamba lote likauke kwa pamoja mbele ya mashine. Kwetu maharage hung'olewa kwa mkono, huanikwa juani na kupigwa kwa fimbo. Kiwango kinachopanuliwa ili kuipisha mashine ya mwingine hakiwezi kuwa kipimo cha haki kwa haragwe la Kasulu. Tena, jamaa inayokula ugali na maharage siku nenda siku rudi haina budi kuhesabiwa kwa sufuria yake yenyewe.

Vyombo vya kazi hiyo vipo. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Arusha. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania. Mazao yanayokwenda ng'ambo hupimwa, kwa sababu mnunuzi wa huko hakubali vinginevyo. Lakini mama anayenunua mboga sokoni Ujiji hana maabara katika kikapu chake. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, somo lilikuwa chungu: taifa lisilojipimia chakula chake hungoja kupimiwa na jirani, tena mpakani, magari yakiwa yamejaa. Tusingoje somo la pili.

Kigoma ina sababu ya ziada ya kuwa macho. Mkoa huu unapakana na Burundi na Kongo, na vyakula na bidhaa huvuka kwa barabara na kwa mashua. Dawa yenye maelezo ya lugha ya kigeni tu haimwelezi mkulima wetu achanganye kiasi gani katika maji, wala asubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda haimwelezi mtu lolote, na ni hatari kwa mtoto nyumbani.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila msimu wa mavuno sampuli za chakula zichukuliwe katika masoko ya Kigoma, Ujiji na Kasulu, na matokeo yatangazwe kwa wananchi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ni mali. Pili, duka lolote lisiuze dawa isiyo na maelezo ya Kiswahili, na anayeipunja katika chupa nyingine anyang'anywe leseni. Tatu, bwana shamba na mwalimu washirikiane. Mwanafunzi anayejua kukokotoa mililita katika lita 16 za maji aweza kumwokoa baba yake na kosa ambalo hakuna maabara itakayolifuta baada ya kuvuna.

Mtumishi wa umma atakayeacha kazi hii ibaki katika jalada akumbuke kwamba yeye naye jioni hula chakula cha soko lile lile. Mlaji wa Ujiji hana thamani ndogo kuliko mlaji wa Ulaya. Kipimo kiwe kimoja katika heshima, na kianze kutumika nyumbani.