Baba Amerudi Golini, Nyumbani Nani Anadaka?

Mpenzi msomaji, mada ya mwezi huu ilikuwa iwe wivu wa kwenye simu, na meseji zenu nimezisoma zote. Naomba niiweke kiporo mpaka mwezi ujao. Kuna jambo la nyumbani kwetu Ikola limenikaa kooni muda mrefu, na nisipolitoa hapa sijui nitalitolea wapi.

Kwa wewe usiyepajua, Ikola iko mkoani Katavi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Ukitoka Mpanda unakula vumbi weee, mpaka ziwa linapotokeza mbele yako na milima ya Kongo ng'ambo. Kwetu watu wanaishi kwa dagaa, migebuka na kuhe, na kalenda yetu ni mwezi wa angani. Usiku wa giza mitumbwi inatoka na taa. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi wa dagaa wanalala na wake zao, kwa sababu dagaa wakiona mwanga kila mahali hawana haja ya kufuata taa yako.

Sasa mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, uvuvi ulisimamishwa. Nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana samaki wapumzike wapate kuzaliana. Nilikwenda likizo Julai nikakuta ufuko umejaa wanaume wasio na kazi. Na wanaume mia wasio na kazi ukiwaacha mahali pamoja, wiki haiishi utakuta timu mbili, refa, na mtu wa kumtukana refa.

Kipa wa timu mojawapo alikuwa kaka yangu.

Jamani! Kaka ana miaka 41, watoto wanne na kitambi cha heshima. Ujanani alidaka kweli, mpaka timu moja ya mjini Mpanda ikamtaka. Mimba ya mtoto wa kwanza ikaingia, akaona mpira hautanunua unga, akapanda mtumbwi. Miaka kumi na saba hakugusa glovu. Nilipomwona Julai ile anajirusha kwenye mchanga, anaamka, anapiga kelele kwa mabeki waliozaliwa yeye akiwa tayari na ndevu, niliona mtu niliyekuwa nimemsahau. Kaka alikuwa anacheka. Nyumbani kwetu kaka hakuwa mtu wa kucheka.

Ukimwambia habari ya umri anakujibu kwa jina moja tu: Kaseja. Na hapo huna ujanja. Agosti 2019 Juma Kaseja alikuwa na miaka 34, wengi walishamfuta kwenye hesabu za Taifa Stars, akarudishwa golini, na Kenya tukaitoa kwa penalti kwao Kasarani kwenye kufuzu CHAN. Mwezi uliofuata Burundi nao wakatolewa kwa penalti Dar es Salaam, safari hii kwenye kufuzu Kombe la Dunia. Golini yule yule. Kaka anaisimulia hiyo mechi ya Kasarani kana kwamba alikuwa amekaa benchi.

"Kaseja alikuwa analipwa mshahara," wifi alisema siku moja akiwa anachambua mchele. "Baba watoto analipwa soda." Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Jioni moja mtoto wao mkubwa, kijana wa miaka 16, akaniita: "Shangazi, njoo uone kitu." Alikuwa na katuni ya Kijapani kwenye simu, inaitwa Megalobox. Najua wapo mnaofikiri katuni ni za watoto. Hii ni ya ndondi, na mabondia wanavaa vyuma mikononi. Msimu wa kwanza ulitoka 2018, na shujaa wake, Joe, anapanda ulingoni bila chuma hata kimoja. Ila kijana alikuwa anaangalia ule wa pili, wa mwaka 2021, unaoitwa Nomad. Miaka saba imepita. Yule mzee aliyekuwa kocha wake amefariki, Joe amewaacha watoto waliokuwa kama familia yake, anazurura akipigana ngumi za uchochoroni huku amekuwa mtumwa wa dawa za maumivu. Halafu anarudi. Na kurudi ulingoni siyo kazi ngumu, kazi ngumu ni kurudi nyumbani. Watoto wamekua, wana hasira, hakuna anayemkimbilia kumkumbatia.

"Huyu ni kama baba," kijana akasema, kwa fahari kabisa. Yeye alikuwa anaona ngumi tu.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yetu na sufuria mkononi. Akauliza swali moja: "Huyo alivyoondoka, hao watoto walikuwa wanakula kwa nani?"

Hakuna aliyemjibu. Katuni ikaendelea.

Usiku tulipokuwa tunaosha vyombo akaniambia jambo ambalo, kwa miaka yote niliyomwita wifi, sikuwahi kulisikia. Alikuwa mkimbiaji. Mita 1,500. Enzi hizo Katavi haijawa mkoa, bado tuko Rukwa, akachaguliwa kwenye UMISSETA mpaka ngazi ya mkoa, akakimbia Sumbawanga. "Nilikuwa wa pili," akasema, "na yule wa kwanza alikuwa na viatu." Nikamuuliza kama watoto wanajua. Akasema watawezaje kujua, nani amewahi kuuliza?

Mpenzi msomaji, ungedhani baada ya maneno hayo nimepata akili. Wapi! Nilirudi kazini, uvuvi ukafunguliwa Agosti, na mwezi Septemba kaka akanipigia: ndondo imefika nusu fainali, mshindi anachukua ng'ombe, glovu zimechanika. Nikamtumia shilingi 30,000 siku hiyo hiyo. Nilijisikia dada wa maana. Wiki hiyo hiyo wifi alikuwa amekopa kwa jirani hela ya mahitaji ya shule, na mimi hakuniomba, kwa sababu ya kwake yalikuwa mahitaji tu na ya kaka yalikuwa ndoto. Ndoto ndizo tunazochangia.

Niliyajua baadaye. Wakati ziwa limefungwa, mazoezi ya jioni hayakumdhuru mtu. Lilipofunguliwa, kaka hakurudi sawasawa. Mara mbili mtumbwi uliondoka bila yeye, usiku mzuri wa giza, kwa sababu kesho yake kuna mechi na kipa lazima alale. Na kwetu hakuna likizo ya malipo. Mgawo unatokana na kilichovuliwa, hukwenda hupati. Wifi akawa anaamka alfajiri kuchukua dagaa kwa mkopo kwenye mitumbwi ya wengine, anaanika, anageuza, anafukuza kunguru, anauza, analipa deni, kinachobaki ndicho chakula. Nusu fainali yenyewe kaka alitegua kidole na walifungwa. Ng'ombe akaenda kijiji kingine. Siku kadhaa hakuweza kuvuta wavu, na aliyemfunga na kumfungua bandeji ni nani? Unamjua.

Nilimpigia kaka nikiwa nimejiandaa kugomba. Kabla sijagomba akasema, "Mdogo wangu, usiniambie niache. Kule golini ndipo mahali pekee ambapo hakuna mtu ananidai." Nikanyamaza. Kwa kweli ningemwambia nini? Mwanaume aliyeingia ziwani miaka kumi na saba bila kulalamika, leo ameonja furaha, mimi niko ofisini kwenye feni nimwambie arudishe?

Basi nikamsimulia Edna Kiplagat. Huyu ni Mkenya, amezaliwa 1979, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2011 na tena 2013. Mwaka 2017 alishinda Boston akiwa na miaka 37, na mwaka 2024, akiwa na miaka 44, akashika nafasi ya tatu pale pale Boston kwa saa 2, dakika 23 na sekunde 21. Waliomtangulia, Hellen Obiri na Sharon Lokedi, ni wadogo zake kwa miaka kumi na zaidi. Na nyumbani ana watoto, wa kuzaa pamoja na wa marehemu dada yake. Kaka akaguna: "Huyo kweli ni mashine."

"Siyo mashine, kaka. Ana mume." Gilbert Koech naye alikuwa mkimbiaji. Ndiye kocha wake. Mary Keitany vilevile: alijifungua mtoto wa pili mwaka 2013, na Novemba 2014 akashinda New York. Mtoto mchanga hajilei. Mama akirudi uwanjani, lazima watu wakae chini wapange nani atabeba nini, maana asipopanga hatoki hata mlangoni. Baba akirudi hakuna kikao. Anachukua begi anaondoka, na nyumba inajipanga yenyewe, tena hiyo "yenyewe" ina jina na mgongo unamuuma.

Kisha nikamuuliza kama anajua mkewe aliwahi kuwa wa pili mkoa mzima.

Kimya. Nikadhani mtandao umekata. "Mita ngapi?" akauliza.

Sikutaka kumaliza ugomvi wao, na sikuumaliza. Walichopanga wamepanga wao, kwa kelele, na wifi ananiambia kuna siku walilala bila kusemeshana. Lakini sasa usiku wa giza kaka yuko ziwani, mechi au hakuna mechi. Mbalamwezi ikiwaka anadaka. Timu imebidi itafute kipa wa pili, kijana wa miaka 19, na kaka anasema ana mikono mibovu ila atamfundisha. Alfajiri za Jumamosi uji unapikwa na baba, una mabonge, watoto wamelalamika hadi kwangu. Mama yao saa hizo yuko kwenye barabara ya kwenda Karema, amevaa kandambili mpaka mwisho wa nyumba, halafu anazivua na kukimbia peku, kwa sababu anaona aibu watu wasimwone akijiandaa.

Juzi zimeingia meseji mbili kutoka Ikola, zimepishana dakika kumi. Ya kaka: glovu zile ulizonitumia hela zimeshachoka, mdogo wangu. Ya wifi ilikuwa fupi zaidi: raba namba 39, hata za mtumba.

Nimenunua raba. Za dukani.