Ukurasa wa Nyumbani: Hesabu ya Mavuno ni Amana



Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, baada ya sala ya Alasiri, majirani wanaolima bustani za nyumbani mtaani kwetu hapa Tanga hukusanyika kwangu. Wanaume barazani, na wanawake ukumbini pamoja na mama watoto. Kila mmoja hueleza alichovuna na anachotaka kupanda. Huyu hutaja mafungu ya mchicha, yule ndoo za nyanya, na mwingine huja na figili mkononi ili watu wazione. Mkutano wa Juni ndio unaojaa kuliko yote, kwa kuwa masika yamekwisha, kusi imeshika, na kipupwe kimeingia. Basi kila mtu huja kutafuta shauri la miezi ya baridi, na shauri hilo hulijenga juu ya yale anayoyasikia kwa wenziwe. Ndiyo maana mwezi huu nataka kuwaeleza kosa langu mwenyewe.

Masika ya mwaka 2024 yalikuwa makubwa. Mafuriko yalizikumba sehemu nyingi za nchi yetu mwezi wa Aprili, na tuta langu la nyanya lilikaa majini siku kadha wa kadha. Nilikuwa na miche 60. Ilipofika Juni nilikuwa nimekwisha chuma ndoo 3, lakini miche 22 ilikuwa imekufa. Mche hunyauka adhuhuri hali majani yake yangali ya kijani, jioni huinuka kidogo, na baada ya siku chache hauinuki tena. Mkutanoni nilizitaja zile ndoo 3. Ile miche 22 sikuitaja. Niliona haya, mimi mwalimu, kusema kwamba bustani yangu inakufa na sababu siijui.

Mama mmoja mjane, jirani yangu wa nyumba ya tatu, alizisikia ndoo zangu. Aliniomba miche iliyobaki kitaluni, nami nikampa miche 40 pamoja na udongo wake. Alinunua samadi kwa fedha ya maandazi, akamwagilia asubuhi na jioni, akitumaini kwamba nyanya zitawanunulia wanawe sare za shule. Kufikia mwisho wa Agosti hapakuwa na mche hata mmoja uliosimama. Alipopata habari kwa kijana wangu kwamba na kwangu ilikufa vivyo hivyo, alikuja mlangoni akasema kwa sauti ya chini: "Maalim, ungalinambia, ningalipanda sukuma." Hakuongeza neno, akaenda zake.

Usiku ule niliikumbuka habari ninayowasomesha watoto kila mwaka. Mtume s.a.w. alipita penye rundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono wake ndani, akakuta majimaji chini ya nafaka kavu. Akamuuliza mwenyewe kwa nini asiiweke iliyolowa juu, watu wakaiona. Nami niliweka ndoo juu, nikaficha maiti za miche chini. Sikuuza kitu, lakini mjane yule alilipa.

Nilimrudishia gharama ya samadi, na katika mkutano wa Septemba nikasema yote mbele ya watu. Nilidhani nitachekwa. Badala yake mzee mmoja akasema bilingani zake zimekufa hivyo hivyo. Na kutoka ukumbini mama mwingine akasema pilipili zake pia. Kumbe ugonjwa ulikuwa umekwisha ingia nyumba nne, na kila nyumba ikidhani msiba ni wake peke yake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kilitembea mtaa mzima kwa sababu ya haya zetu.

Bwana shamba tuliyemwita alitufahamisha kuwa ni mnyauko wa bakteria. Njia ya kuutambua ni nyepesi. Kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize katika gilasi ya maji safi, usiitikise. Baada ya dakika chache utaona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka penye mkato. Mche uliokwisha shikwa hauna dawa. Ung'olewe na kuchomwa moto, usitupwe kwenye lundo la mbolea. Ugonjwa hukaa udongoni, nao husafiri kwa maji yatiririkayo, kwa jembe lenye tope, na kwa miche ya kupeana. Basi osha jembe kabla ya kuliazima na baada ya kuazimwa. Pahali palipougua usirudishe nyanya, bilingani, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadha. Panda mahindi, vitunguu, kabichi au sukuma wiki.

Na kipupwe chafaa mno kwa hayo. Kuanzia Juni hadi Agosti joto la pwani hupungua, na mboga zisizopenda jua kali hupata nafuu: kabichi, karoti, figili, na kotimiri ambayo wakati wa kaskazi hukimbilia kutoa maua kabla hatujaichuma. Figili huwa tayari kwa muda wa mwezi mmoja hivi, na mchicha kwa juma tatu au nne. Sukuma hutaka subira ya miezi miwili tangu kusia mbegu, lakini huchumwa muda mrefu. Adui wa msimu huu ni upepo wa kusi, ambao hukausha udongo upesi kuliko mtu adhanivyo. Tandaza nyasi kavu juu ya tuta, mwagilia asubuhi, na miche michanga uikinge kwa makuti upande wa kusini. Vidukari wakiingia katika sukuma, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, hasa chini ya majani.

Tangu mwaka ule tumewekeana kanuni barazani. Atakayetaja mavuno yake atataja mambo manne: tuta lina hatua ngapi, alipanda lini, alivuna kiasi gani kwa mizani ya duka, na ni kiasi gani kilikufa. Vijana wa madrasa huyaandika katika daftari. Ndoo ya mtu si ndoo ya mwenziwe, lakini kilo ni kilo. Na aliyeficha vifo amempa mwenziwe nusu ya habari, nayo yaweza kumdhuru kuliko kutomwambia kitu.

Mkutano wa Agosti 2025 mjane yule alisimama kueleza sukuma yake. Alianza hivi: "Nilipanda miche 30. Minne imeliwa na viwavi, na miwili niliiua mwenyewe kwa samadi mbichi." Baada ya hapo ndipo akasema kwamba anachuma mafungu 10 kila juma, na kwamba fedha ya sare imekwisha patikana. Kijana aliyekuwa akiandika aliniuliza kama vifo ataviandika mwanzo au mwisho. Nikamwambia aandike kama alivyosema mama.